Majira ya Kwenda Kuona Jiwe la Mugere

Mtoto wa Uvira akisimama ufukoni asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku, huona milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa. Huona migongo yake na mabonde yake, kana kwamba mtu angeweza kuifikia kwa kuogelea. Mwezi wa Agosti mtoto yule yule akisimama pale pale, mara nyingi haoni mlima hata mmoja. Huona maji, na nyuma ya maji utusitusi mweupe. Milima haikuondoka mahali pake. Kilichobadilika ni majira.

Chini ya milima ile ya ng'ambo, mahali paitwapo Mugere, liko jiwe kubwa ambalo watu wengi hupenda kwenda kulitazama. Liko kama kilometa 12 kusini ya mji wa Bujumbura, mahali palipoinuka, na kutoka hapo ziwa laonekana chini. Juu ya jiwe yamechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25-XI-1871. Alama XI ni hesabu ya Kirumi, maana yake kumi na moja. Basi tarehe hiyo ni siku ya 25 ya mwezi wa Novemba, mwaka 1871.

Watu wa Uvira wanaotaka kwenda huko huuliza kwanza, "Tuende lini?" Ni swali jema. Lakini haliwezi kujibiwa vizuri na mtu asiyejua jiwe hilo lawekwa kwa sababu gani, wala asiyejua mvua, upepo na mito ya pwani hii.

KWA NINI JIWE LIKO PALE

Zamani wataalamu wa Ulaya walishindana sana juu ya chanzo cha mto Nili. Walijua mto huo unaishia Misri, lakini hawakujua unaanzia wapi. Wengine walifikiri labda maji yake yanatoka katika ziwa Tanganyika. Walisikia kwamba upande wa kaskazini wa ziwa uko mto uitwao Rusizi. Ikawa shauri zima limo katika neno moja: je, Rusizi unaingia ziwani, au unatoka ziwani? Kama ukitoka na kwenda kaskazini, basi huenda ukawa ndio mwanzo wa Nili. Kama ukiingia, basi sivyo.

Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Mwezi wa Aprili wakapanda mitumbwi kwenda kaskazini, nao wakafika Uvira. Hapo waliambiwa na wenyeji kwamba Rusizi unaingia ziwani. Walitaka sana kwenda kuuona kwa macho, lakini wapiga kasia wao waliwaogopa watu wa mbele, wakakataa kuendelea. Basi Burton na Speke wakarudi Ujiji. Walikuwa wamesikia jibu kwa masikio, ila hawakuliona.

Miaka 13 ikapita. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alimkuta mzee Livingstone huko Ujiji. Livingstone alikuwa daktari na mhubiri, tena alichukia sana biashara ya watumwa, akaandika habari zake ili watu wa Ulaya wajue ubaya wake. Wote wawili wakakata shauri kwenda kuutazama mto Rusizi. Waliondoka Ujiji mwezi wa Novemba kwa mtumbwi mkubwa, wakifuata pwani ya mashariki. Mchana walisafiri, usiku walilala pwani. Tarehe 25 Novemba wakafika kwa mtawala mmoja jina lake Mukamba, naye akawapokea kama wageni wake. Walikaa hapo siku mbili, mpaka tarehe 27. Ndiyo maana jiwe la Mugere lina tarehe ile.

Kutoka hapo wakaendelea mpaka mwisho wa ziwa, wakaingiza mtumbwi katika mdomo wa Rusizi. Hapo mambo yakawa wazi. Mkondo wa maji uliwajia usoni, ukishuka kwa nguvu kuingia ziwani. Wenyeji wa Uvira walikuwa wamesema kweli tangu mwaka 1858. Kisha wasafiri wakageuza, wakapita pwani ya magharibi, wakarudi Ujiji mwezi wa Desemba.

Sasa mambo yote yajulikana. Rusizi hutoka ziwa Kivu, lililo juu karibu meta 1460 kutoka usawa wa bahari, ukashuka mpaka Tanganyika, lililo kwenye meta 770 hivi. Maji ya Tanganyika hutoka kwa njia moja tu, nayo ni mto Lukuga, karibu na Kalemie. Lukuga huyapeleka katika Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo. Basi maji yanayopiga mawe ya Uvira hayaendi Misri. Yakitoka ziwani huenda magharibi mpaka bahari ya Atlantiki.

KOSA MOJA LA KUANGALIA

Wageni wengi huambiwa kwamba Stanley alimkuta Livingstone mara ya kwanza hapo Mugere. Si kweli. Walikutana Ujiji, nchi ya Tanzania ya leo. Mugere walilala pamoja, wakiwa wamekwisha kujuana. Mwanafunzi akisikia maneno yale mbele ya jiwe, asicheke wala asigombane na mtu. Ila ajue yaliyo kweli, na akirudi nyumbani asieneze yasiyo kweli.

Tena akumbuke jambo jingine. Jiwe lina majina mawili, lakini mtumbwi ule ulikuwa na watu wengi. Walikuwapo wapiga kasia, wapishi, wakalimani na wachukuzi. Bila wao wale wazungu wawili wasingefika hata nusu ya njia. Mmoja wa watu wa safari za siku zile alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Yeye alitumika katika msafara wa Burton na Speke, na miaka ya baadaye akatumika katika msafara wa Stanley. Watu kama yeye hawakuchongwa katika jiwe. Inafaa wakumbukwe na wasomaji.

JINSI MAJIRA YANAVYOBADILIKA

Uvira na Mugere ziko kusini kidogo ya mstari wa ikweta. Mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba jua hupita sawa juu ya mstari huo. Joto huinua hewa yenye unyevu. Hewa ikipanda juu hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu, kisha mvua. Jua linaposogea kaskazini, mwezi wa Juni mpaka Agosti, mawingu ya mvua hulifuata. Hapo ziwani huvuma upepo mkavu kutoka kusini na mashariki. Ndipo kiangazi kinapoingia.

Kwa hiyo mwaka wa pwani hii una sehemu mbili kubwa. Masika huanza Septemba au Oktoba na kuisha mwezi wa Mei. Kiangazi ni Juni, Julai, Agosti, na siku kadhaa za Septemba. Katikati ya masika, mwezi wa Januari na Februari, mvua mara nyingi hupungua kwa majuma machache. Kisha hurudi kwa nguvu Machi na Aprili.

Ziwa nalo lina mwaka wake. Halipandi siku ile mvua inaponyesha. Maji hushuka polepole kutoka mito mingi, kama vile Rusizi na Malagarasi, na ziwa hujaa kidogo kidogo. Huwa juu kabisa mwishoni mwa masika, Aprili na Mei. Kisha jua na upepo wa kiangazi hukausha maji mengi, hata ziwa likawa chini kabisa Oktoba na Novemba. Kwa kawaida tofauti haizidi meta moja. Meta moja yaonekana ndogo, lakini penye ufuko ulio tambarare inatosha kufunika barabara na mashamba ya mihogo.

UZURI NA UBAYA WA KIANGAZI

Wazee wengi hushauri kusafiri wakati wa kiangazi, nao wana sababu. Barabara ni kavu. Mito imepungua na madaraja hayana hatari. Gari halikwami katika matope. Nyasi ni fupi, na mtu huona mahali anapokanyaga. Watoto wanaweza kukaa chini karibu na jiwe, wakala chakula chao bila kulowa.

Lakini kiangazi kina mambo mawili ya kusumbua. La kwanza ni upepo wa kusini. Ziwa Tanganyika ni refu, karibu kilometa 670 kutoka kusini mpaka kaskazini. Upepo ukianza kusukuma maji huko mbali, mawimbi hukua njiani, na yanapofika Uvira na Bujumbura huwa makubwa. Wavuvi wa ndagala wanajua jambo hili vizuri. Mtumbwi uliojaa watu haufai kuvuka ziwa siku ya upepo huo. Ziwa hili lina kina cha meta 1470 mahali penye kina kirefu, na katika dunia nzima ni Baikal tu linalolipita kwa kina. Mtu asifanye mchezo nalo.

Jambo la pili ni utusitusi. Kiangazi kikiendelea, vumbi huinuka na watu huchoma nyasi. Moshi na vumbi hujaa angani. Mgeni akifika Mugere mwezi wa Agosti, huenda akaona jiwe vizuri, lakini akatazama ng'ambo asiione milima ya Uvira. Na nusu ya faida ya safari ni kutazama ziwa kutoka hapo, ili mtu afahamu njia ya mtumbwi ule wa mwaka 1871.

UZURI NA UBAYA WA MASIKA

Mvua huosha hewa. Asubuhi baada ya mvua ya usiku mtu husimama Mugere akaona bonde la Rusizi, mji wa Bujumbura, na ng'ambo milima mirefu iliyo nyuma ya Uvira. Nchi yote ni ya kijani. Kuna siku nyingi za masika ambazo ziwa hutulia kama mafuta katika sahani, kwa sababu ule upepo mkali wa kusini haupo. Livingstone na Stanley walisafiri mwezi wa Novemba. Anayetaka kuona nchi kama walivyoiona wao, hana budi kwenda mwezi huo, na ziwa litakuwa chini.

Walakini masika ina hatari kubwa kuliko kiangazi. Tufani huweza kutokea ghafula, na mtumbwi ukazama kabla ya kufika pwani. Tena iko mito. Uvira imejengwa katika ukanda mwembamba kati ya ziwa na milima. Mito kama Mulongwe na Kalimabenge hushuka kutoka milima hiyo kwa njia fupi yenye mteremko mkali. Mvua ikinyesha kwa nguvu huko juu, maji hufika mjini kwa ghafula, yakichukua mawe, miti na udongo, hata kama mjini kwenyewe haikunyesha sana.

Watu wa Uvira hawakusahau mwezi wa Aprili 2020. Mto Mulongwe ulifurika, ukavunja nyumba na daraja. Watu kwa makumi walikufa, na makumi ya maelfu wakabaki bila makao. Wakati huo huo ziwa lilikuwa likipanda mwaka hata mwaka. Mwaka 2024 lilifika karibu na kipimo cha mwaka 1964, mwaka uliokumbukwa na wazee kwa maji yake makubwa. Nyumba nyingi za ufukoni ziliingiwa na maji. Huko Gatumba, kati ya mpaka na Bujumbura, Rusizi na ziwa vilifunika mashamba, nyumba na njia, na watu walihama zaidi ya mara moja.

Gatumba ndiyo njia ya gari kutoka Uvira kwenda Bujumbura. Basi anayepanga kwenda Mugere mwezi wa Aprili asitazame kalenda tu. Aulize kwanza habari za njia.

JINSI YA KUCHAGUA

Mwalimu mwenye hekima anayetaka kuwapeleka wanafunzi hupima mambo matatu: njia, anga, na siku za masomo.

Aprili hafai kuchagua. Mvua ni nyingi, mito imejaa, na ziwa liko juu.

Julai na Agosti njia ni nzuri, lakini anga lina utusitusi, tena wanafunzi wako katika likizo ndefu. Jamaa moja ikitaka kwenda yenyewe, miezi hiyo yafaa.

Novemba ni mwezi wa kumbukumbu yenyewe. Anga ni safi baada ya mvua. Lakini kundi kubwa la watoto wadogo si rahisi kulilinda siku ya radi na matope. Watu wazima wachache, wenye miavuli na subira, wanaweza kwenda na kufurahi.

Januari na Februari, mvua ikipungua, ni wakati mwema. Nchi ni ya kijani na anga ni safi. Ila mapumziko hayo ya mvua hayana mkataba na mtu. Mwaka mmoja huwa marefu, mwaka mwingine hayaonekani.

Juni, siku za kwanza, ndio wakati unaofaa kuliko zote kwa wanafunzi. Mvua zimekwisha, mito imeanza kupungua, na barabara zimekauka. Nyasi bado hazijachomwa sana, kwa hiyo moshi ni kidogo na ng'ambo bado yaonekana. Shule ziko wazi. Kazi ya mwalimu ni kupanga siku isiyogongana na mitihani.

Saa nayo ni ya kuchaguliwa. Katika kila majira asubuhi hushinda mchana. Upepo haujapanda, jua halijawa kali, na mwanga hutoka mashariki, nyuma ya mtu anayetazama ziwa, hata milima ya Uvira yaonekana wazi mbele yake. Jioni jua humchoma machoni.

Wanaokwenda wachukue maji ya kunywa yaliyochemshwa, kwa maana kipindupindu kimeua watu wengi katika pwani hii, na maji ya ziwa si salama kunywa hivi hivi. Wachukue kofia na chakula cha siku nzima.

MAJIRA MENGINE YASIYO YA MVUA

Liko jambo moja lisiloandikwa katika mawingu. Uvira ni nchi ya Kongo, na Mugere ni nchi ya Burundi. Katikati uko mpaka wa Kavimvira. Wenyeji wa pande zote mbili ni jirani tangu zamani. Wameoana, wameuziana samaki na unga, na wanasikilizana kwa Kiswahili. Lakini mpaka huo haukuwa wazi siku zote. Ziko nyakati ulifungwa kwa ajili ya vita au magonjwa, na mtoto wa Uvira hakuweza kumtembelea hata shangazi yake aliye ng'ambo.

Kwa hiyo msafiri aulize kwanza kama kuna amani na kama mpaka uko wazi. Wazazi watoe ruhusa, na karatasi za safari ziwe tayari. Ikiwa sivyo, mwalimu na awapeleke wanafunzi ufukoni Uvira asubuhi moja baada ya mvua. Awaonyeshe kwa kidole upande wa Mugere. Awaambie jinsi Burton na Speke walivyofika pwani hiyo hiyo wakaishia hapo, na jinsi wenyeji walivyosema kweli juu ya Rusizi. Somo hilo halihitaji gari.

Jiwe la Mugere limekaa hapo kwa masika na kiangazi nyingi. Mwaka huu njia ikiwa mbaya, mwaka ujao litakuwapo. Mtoto aliyechukuliwa na mto hawezi kungojewa hivyo. Basi mwenye busara huchagua siku yake kwa utulivu, na siku ikiwa mbaya hurudi nyumbani bila haya.

MANENO

mkondo: mwendo wa maji ya mto
utusitusi: hali ya anga isiyo safi, kwa vumbi, moshi au ukungu
tufani: upepo mkali pamoja na mvua
ukanda: sehemu ya nchi iliyo ndefu na nyembamba
mkalimani: mtu anayegeuza maneno ya lugha moja katika lugha nyingine

MASWALI

1. Ni tarehe gani iliyochongwa katika jiwe la Mugere? Alama XI maana yake nini?
2. Kwa nini wasafiri wa zamani walitaka sana kujua kama Rusizi unaingia ziwani au unatoka?
3. Livingstone na Stanley walikutana wapi mara ya kwanza?
4. Ziwa huwa juu miezi gani, na chini miezi gani? Eleza sababu.
5. Kwa nini mawimbi ya kiangazi ni makubwa huko Uvira?
6. Tuseme wewe ndiwe mwalimu. Ungechagua mwezi gani? Toa sababu tatu.
7. Muulize mzee mmoja wa kwenu anakumbuka nini juu ya maji makubwa ya ziwa. Andika maneno yake katika daftari.